Nani hugeuza amonia kuwa naitreti?

Jaribio hili la mwaka 1877 nalipenda kwa sababu linafanana na kusaka kosa kwenye programu: zima kitu kimoja, uone kinachokwama. Zamani hizo wengi walidhani amonia ya samadi hugeuka naitreti ardhini kwa kemia tupu. Kule Ufaransa, Schloesing na Müntz walijaza mchanga na mawe ya chokaa kwenye bomba la kioo, wakapitisha maji taka polepole. Kwa siku kama 20 amonia ilitoka ilivyoingia, kisha naitreti ikaanza kuonekana. (Kemia tupu isingengoja hivyo!) Wakatia mvuke wa klorofomu, kazi ikasimama. Wakauondoa na kuongeza maji yenye udongo kidogo, kazi ikarudi. Kumbe ni viumbe hai! Winogradsky aliwatenga mwaka 1890.

Hili linamhusu mwenye kisima mlimani. Udongo usiotuamisha maji una hewa, na viumbe hao huitaka. Amonia hushikwa na udongo wa mfinyanzi, lakini naitreti huteremka na mvua hadi kisimani. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika kuhusu watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati kwa maji ya visima vya mashambani. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, naitreti hubaki.