Shombo, Ndimu na Mikono ya Mpishi

Mara kwa mara, tunapopitia tafsiri za vitabu vya sayansi kimu, tunakuta fungu hili: "harufu mbaya ya samaki inayobaki mikononi". Sarufi yake haina kasoro. Lakini Kiswahili kina neno moja linalotosha, nalo ni shombo. Frederick Johnson aliliingiza katika kamusi yake ya mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikalihifadhi. Jirani yake ni vumba. (Wako wanaolihusisha neno hili na Vumba Kuu, mji wa kale wa pwani ya kusini ya Kenya, kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi.) Mfasiri anayeacha shombo na kuandika maneno sita anamnyang'anya mvuvi na mpishi istilahi yao.

Jambo lenyewe ni la kale kuliko kamusi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba chakula kikuu cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki, na miongoni mwa miti yao akautaja mlimau. Hakusema watu waliondoaje shombo, nasi hatumsemeshi asilolisema. Ila dawa na maradhi vilikwisha kuwa kisiwa kimoja. Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498, mfalme alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Hata hivyo neno limau huhesabiwa miongoni mwa maneno tuliyoyapata kwa Wareno. Tunda lilitangulia, jina hili likafuata. Apimaye umri wa kitu kwa umri wa neno atapotea hapa.

Jikoni pwani husemwa kukata shombo, na kinachokata ni ndimu. Kitenzi hiki tunakipenda kuliko "kuondoa", kwa kuwa kemia inakiunga mkono. Mwaka 1784 Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, aliitenga asidi ya sitriki kutoka katika maji ya limau. Samaki wa bahari ana oksidi ya trimethilamini mwilini. Akishakufa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, nayo ndiyo inayopanda puani. Asidi ya ndimu huifanya chumvi isiyoruka hewani, kisha maji huichukua. Sabuni ya kawaida ina hali ya alkali, na haiwezi kuifunga hivyo. Samaki wengi wa maji baridi wana oksidi hiyo kidogo sana. Basi hatushangai kwamba neno hili lilikomaa kwa watu wa bahari.

Tafsiri hizo hizo huandika pia "osha mikono". Kiswahili hutenga: tunanawa mikono na uso, tunaosha vyombo, tunafua nguo, tunaoga mwili. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, "nawa" na "osha" yalishindana mabangoni, na hatufichi kwamba tulikuwa upande wa "nawa".

Swali gumu zaidi ni kitunguu. Je, shombo ipanuliwe ibebe na harufu ya kitunguu saumu vidoleni? Tunapinga. Kitunguu saumu kizima hakinuki sana. Kikipondwa, kimeng'enya chake hutengeneza alisini, ambayo Cavallito na Bailey waliitenga mwaka 1944. Hiyo ni jamii ya salfa, si ya amini, na ndimu haiifungi kama inavyoifunga ile ya samaki. Wapishi wengine husugua vidole kwa kijiko cha chuma cha pua chini ya maji. Madai hayo yameenea kuliko ushahidi wake, ingawa jina la chuma hicho latuchekesha katika mjadala wa harufu. Kuviita vitu viwili hivi kwa neno moja kungemfanya mwanafunzi atarajie dawa moja.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa waandishi wa vitabu vya shule: shombo ibaki ya samaki, kukata shombo kuwe kitenzi chake, na ya kitunguu iendelee kuitwa harufu ya kitunguu hadi wapishi wenyewe watakapoipa jina.