Mama Hawa Abdi: Hema la Rufaida Katika Ardhi ya Somalia

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu wasomaji, akina mama na akina baba, na nyinyi wanafunzi wetu wa Kamembe, Bugarama na popote mlipo. Katika kurasa za historia tumezoea kuwaeleza habari za masahaba na za maulamaa wa zamani, na ni jambo zuri. Lakini vijana wetu wakisoma habari hizo peke yake hudhani kuwa watu wema walimalizika karne nyingi zilizopita. Leo tutamtaja mama aliyefariki juzi tu, mwaka 2020, katika pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Alikuwa Mwislamu, mama wa watoto watatu, na umri wake wote aliumalizia kwa wagonjwa. Jina lake ni Hawa Abdi Dhiblawe, na Wasomali wengi walimwita Mama Hawa.

Kabla ya kufika Somalia tupite kidogo Madina. Mwaka wa 5 Hijria, katika Vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (R.A.), mkuu wa kabila la Aws, alipigwa mshale uliomkata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) aliamuru awekwe katika hema la mwanamke aitwaye Rufaida, wa kabila la Aslam, ili awe karibu na iwe rahisi kumzuru. Hema hilo lilikuwa msikitini. Ibn Is-haq anatueleza kuwa bibi huyo alikuwa akiwatibu majeruhi, na kwamba alijitolea nafsi yake kumhudumia kila Mwislamu aliyepotea bila ya mtu wa kumwangalia. Saad hakupona jeraha lile, lakini hema limebaki katika historia. Wauguzi wa Kiislamu duniani humhesabu Rufaida kuwa ndiye mama yao. Na hakuwa peke yake. Umm Atiyya (R.A.) alitoka katika vita saba, akipika na kuwauguza wagonjwa.

Sasa tumtazame Mama Hawa. Alizaliwa Mogadishu mwezi Mei mwaka 1947. Alipokuwa na miaka kama 12 mama yake mzazi alifariki kwa matatizo ya uzazi, naye ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa hiyo malezi ya wadogo zake yakamwangukia. Akina mama mtaelewa jambo hili kuliko mimi. Msichana wa umri huo anayeona mama yake akifa kwa uzazi, na hakuna mtu aliyejua la kufanya, ama atavunjika moyo au ataazimia. Yeye aliazimia. Mwaka 1964 alipata ufadhili wa kwenda kusoma udaktari Kiev, katika Muungano wa Kisovieti wa siku hizo, akamaliza mwaka 1971. Alirudi nyumbani akiwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo wa Kisomali kubobea katika magonjwa ya wanawake na uzazi. Halafu, huku akifanya kazi hospitali, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia, na shahada hiyo akaipata mwaka 1979. Wanafunzi wanaolalamika kuwa masomo ni mengi, hapo pana jambo la kufikiria.

Angeweza kubaki mjini na kupata mshahara mzuri. Mwaka 1983 akafungua zahanati ya chumba kimoja katika ardhi ya familia yake, njia ya Afgooye, yapata kilomita 20 kutoka Mogadishu. Waliokuja walikuwa wake wa wakulima na wafugaji, wanawake ambao hawakuwahi kuonwa na daktari. Karibu wote walikuwa wamekeketwa, na kila anayejua kazi ya ukunga anajua hilo humfanyia nini mwanamke saa ya kujifungua. Aliwatibu bila malipo. Kwa cheti alikuwa daktari, lakini katika chumba kile kimoja udaktari, uuguzi na ukunga vyote vilikuwa kazi moja.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka na nchi ikagawanyika kwa koo. Waliokuwa na uwezo wa kuondoka waliondoka. Inasimuliwa kuwa bibi yake ndiye aliyemshauri abaki, atumie elimu yake kwa ajili ya wanyonge. Kwanza aliwapa hifadhi wafanyakazi wake. Wafanyakazi wakaja na jamaa zao, jamaa wakaja na majirani. Ilipofika njaa ya 1992, watu walikuwa wakifia njiani kabla ya kufika kwake, na aliuza dhahabu yake kununua chakula. Vita vilipochacha tena Mogadishu mwaka 2007, barabara ile ya Afgooye ikajaa wakimbizi kwa mamia ya maelfu. Kwenye ardhi ya Mama Hawa peke yake walifika watu wapatao 90,000. Zahanati ilikuwa imeshakuwa hospitali ya vitanda 400, pakawa na visima na shule. Hakumtoza mtu kodi ya ardhi. Maji yalikuwa bure.

Katika fiqhi yetu jambo hili lina jina, nalo ni wakfu. Shule ya pale iliitwa Waqaf-Dhiblawe, yaani neno lenyewe la wakfu pamoja na jina la familia. Siku hizi tukisikia wakfu tunafikiria jengo la msikiti au msahafu ulioandikwa jina la marehemu. Mama huyu alitoa shamba la urithi, nalo likawa mji.

Mji ule ulikuwa na sheria mbili, na mimi nazipenda zote mbili. Ya kwanza: hapa hakuna koo. Anayeingia ni Msomali na ni mwanadamu, basi. Anayetaka kuulizana kabila aende nje. Ya pili: mwanamume hapigi mke wake. Aliyempiga alifungiwa ndani ya ghala lenye nondo madirishani, akae humo na kufikiri. Wako watakaocheka. Lakini ukiwa na watu 90,000 wenye njaa na hasira, hakuna polisi wala mahakama, sheria mbili zinazotekelezwa ni bora kuliko katiba nzima iliyowekwa kabatini.

Mwezi Mei mwaka 2010 ndipo ulipokuja mtihani mkubwa. Wapiganaji wa kundi la Hizbul Islam, wapatao 750, waliizingira hospitali. Walivunja vifaa, wakachana karatasi za kumbukumbu za wagonjwa, wakamzuia mama huyu nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 63. Wagonjwa walikimbia au walibebwa na jamaa zao. Dai la wapiganaji lilikuwa kwamba mwanamke hawezi kuongoza mahali kama pale, kwa hiyo awakabidhi wao uongozi. Na walidai hayo kwa jina la dini.

Hakuwakabidhi. Aliwajibu kwamba ni kweli yeye ni mwanamke, lakini ni daktari. Na akawauliza, wao vijana wenye bunduki, wameifanyia nini jamii yao. Wanawake wa kambini, ambao hawakuwa na kitu mikononi, wakatoka kuandamana mbele ya wenye silaha. Wasomali walioko nje wakapiga kelele katika redio na magazeti. Baada ya siku kadhaa wapiganaji wakalegea na kumwambia afungue hospitali. Naye akakataa tena! Alisema hafungui mpaka waandike barua ya kuomba radhi. Wakaiandika.

Ndugu wasomaji, tuwe wakweli. Pande zote mbili zilikuwa za Waislamu. Wale vijana walikuwa wakisali, na mama yule alikuwa akisali. Kwa nini basi upande mmoja ulimbomolea mgonjwa kitanda na upande mwingine ulimtandikia?

Swali hilo kwetu sisi wa Rusizi si la Wasomali peke yao. Tarehe 30 Juni mwaka huo huo wa 2010, wiki chache tu baada ya mambo ya Afgooye, mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu Yussuf Munyakazi, mkulima mkubwa wa Bugarama, kwa mauaji ya kimbari. Ilithibitika kuwa aliongoza mashambulizi katika parokia za Shangi na Mibilizi tarehe 29 na 30 Aprili 1994. Alipewa miaka 25, na katika rufaa ya Septemba 2011 ikawa kifungo cha maisha. Jina lake ni kama majina yetu. Tunapowasimulia watoto wetu, kwa haki kabisa, habari za msikiti wa Mabare kule mashariki, ambako Waislamu walikataa kutengana Mhutu na Mtutsi na wakauawa pamoja, tusilifiche na hili la Bugarama. Mtoto atalisikia tu, na ni afadhali alisikie kwetu. Aya ya 32 ya Surat al-Maida inasomwa katika kila khutba ya kumbukumbu. Aliisoma Mwislamu wa Mabare, na hata yule wa Bugarama bila shaka alikuwa ameisikia.

Tena watu wa Rusizi tunajua mkimbizi anafananaje. Mwaka 1994 maelfu walikusanyika Nyarushishi wakisubiri kufa au kuokolewa. Mwezi Juni mwaka 2004, Bukavu ilipoingiliwa na wanajeshi walioasi, jirani zetu walivuka mto wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Na si mara hiyo tu. Daraja la Rusizi ni fupi mno. Shida ya ng'ambo hufika huku kabla ya habari yake. Kwa hiyo kumsoma Mama Hawa si kusoma habari za mbali. Ni kusoma swali ambalo kila baada ya miaka michache hubisha hodi mlangoni kwetu: nani atawapokea, na atawauliza nini kwanza, jina la kabila au mahali panapouma?

Nimeahidi kuandika juu ya mama, na umama wake usipotee ndani ya hospitali. Aliolewa na Aden Mohammed, wakajaliwa mabinti wawili, Deqo na Amina, na mtoto wa kiume, Ahmed. Mwaka 2005 Ahmed alifariki katika ajali ya gari. Mzazi aliyewahi kuzika mtoto anajua kwamba baada ya hapo hata kuamka asubuhi ni kazi. Yeye aliamka, kwa sababu nje palikuwa na foleni ya wanawake wenye uchungu wa uzazi. Mabinti wote wawili walisomea udaktari, wote wakawa madaktari wa wanawake kama mama yao, na wote walirudi kufanya kazi kambini pamoja naye wakati Somalia ilikuwa mahali ambapo wenye pasipoti walikuwa wakipakimbia. Sijui kama kuna shahada kubwa zaidi ya malezi kuliko hiyo.

Dunia ilimjua kwa kuchelewa. Mwaka 2010 jarida la Glamour la Marekani lilimtaja pamoja na mabinti zake kuwa miongoni mwa wanawake wa mwaka. Mwaka 2012 alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, hakuipata. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 2013. Hayo yapo, lakini kwangu mimi barua ile ya kuombwa radhi ina uzito zaidi kuliko tuzo zote. Na hata hivyo mambo hayakumalizikia hapo. Mwezi Februari mwaka 2012 wenye silaha walirudi tena, na ikambidi asimamishe kazi kwa muda. Kisha akafungua.

Wasichana wetu wanaosomea uuguzi huulizwa maneno mengi mtaani. Wataolewa lini, watafanyaje zamu ya usiku, hijabu itakuwaje wodini. Haya ni maswali ya kuzungumzwa nyumbani kwa upole, baba na mama na binti wakiwa wamekaa pamoja. Lakini anayemwambia binti kuwa kazi hiyo si ya mwanamke wa Kiislamu, amuelezee kwanza hema lile lililosimamishwa ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) lilikuwa la nani.

Mama Hawa alifariki Mogadishu tarehe 5 Agosti 2020, sawa na mwezi 15 Dhul-Hijja 1441, siku tano baada ya Idd al-Adh-ha, akiwa na umri wa miaka 73. Allah (S.W.) amrehemu, amsamehe, na ampokelee kila mtoto aliyezaliwa salama mikononi mwake. Uongozi wa taasisi yake ulikuwa umeshapita kwa binti yake, Dk. Deqo.