Wanafunzi Mia wa Mount Hermon

Wazee wetu walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mithali hii ni ya kweli katika mambo mengi, walakini mtu akiishika peke yake aweza kudhani ya kuwa chama chema cha wanafunzi hakina haja ya kutangazwa, na ya kuwa wageni watakuja wenyewe kama nyuki wajavyo mauani. Habari ya vijana wa Marekani ya mwaka 1886 yatuonyesha kwamba hata kizuri huhitaji mtu wa kukitembeza. Tena yatuonyesha hatari iliyomo katika kutembeza huko.

Katika chuo cha Princeton palikuwa na kijana jina lake Robert Wilder. Alizaliwa Bara Hindi, kwa kuwa baba yake alikuwa mmisionari huko. Mwaka 1883 yeye na wenzake wachache walianzisha chama kidogo, wakawa wakikutana nyumbani kwa baba yake. Hawakuwa na jumba wala fedha. Walikuwa na karatasi tu, yenye maneno machache: ya kwamba wao waliotia majina yao wapo radhi, tena watamani, Mungu akiwajalia, kuwa wamisionari katika nchi za ng'ambo. Msomaji aangalie jambo hili. Karatasi ile haikuahidi cheo, wala karamu, wala faida. Ilidai maisha ya mtu.

Mwezi wa Julai 1886, mhubiri D. L. Moody aliwakaribisha wanafunzi 251 Mount Hermon, katika jimbo la Massachusetts, kwenye shule aliyoianzisha mwenyewe. Walikaa karibu mwezi mzima wakisoma Biblia, na habari ya misioni haikuwa shauri kuu la mkutano. Wilder hakupiga mbiu. Aliwatafuta kwanza wale waliokwisha kuwa na nia moja naye, wakasali pamoja. Kisha wakawaendea wenzao mmoja mmoja na kusema nao. Usiku mmoja vijana kumi, waliozaliwa au kulelewa katika nchi mbalimbali, walisimama mmoja baada ya mwenzake, na kila mmoja akanena kwa dakika chache tu juu ya haja ya nchi yake. Hata siku ya kuagana ilipofika, waliotia majina walikuwa 100. Mmoja wao alikuwa John Mott wa chuo cha Cornell, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa chama kwa miaka mingi, na mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Moto wa makuti huwaka upesi na kuzimika upesi. Nao walijua hivyo. Kwa hiyo wakakata shauri kwamba wajumbe wapelekwe vyuoni. Wilder na mwenzake John Forman walisafiri mwaka mzima wa masomo, wakavifikia vyuo na shule zaidi ya 160, na watu zaidi ya 2,000 wakatia majina, wanaume kwa wanawake. Waliofanya kazi hiyo walikuwa vijana wakisema na vijana. Wao wenyewe walikuwa wametia majina kabla ya kumwomba mtu mwingine atie lake.

Mwaka 1888 chama kilipangwa sawasawa, kikaitwa chama cha Wanafunzi wa Kujitolea. Kikawa na neno lake fupi la kukitambulisha, yaani Injili ifike ulimwenguni pote katika kizazi hiki. Neno hilo lilikumbukwa upesi, likavuka bahari. Lakini neno fupi lina ubaya wake pia. Mjerumani Gustav Warneck, mtu mwenye elimu nyingi ya misioni, alilaumu haraka iliyomo ndani yake, na mwaka 1900 Mott alitoa kitabu kizima cha kulieleza. Na ile ahadi nayo ilileta mashaka, kwa kuwa wengine walitia majina kwa joto la mkutano, kisha hawakwenda. Ndipo wakuu wa chama wakayageuza maneno yake, yawe ya mtu anayetaja kusudi lake mwenyewe, asionekane kana kwamba amefungwa na watu.

Chama kiliendelea hata maelfu wakaenda ng'ambo. Mwaka 1920 waliotia majina walikuwa 2,783. Mwaka 1938 walikuwa 25 tu. Jina lilikuwa lile lile, na karatasi zilikuwapo. Kilichogeuka ni mioyo ya wanafunzi. Baada ya vita vya 1914 hata 1918 walikuwa wakiuliza juu ya vita, juu ya umaskini, na juu ya ubaguzi wa rangi, na wengi wao hawakuona jibu katika neno lile la baba zao.

Basi, ndugu walimu, nanyi vijana mnaotaka kukikuza chama, msiyadharau jina zuri na neno fupi, kwa maana hivyo ni mlango wa nyumba. Lakini mgeni haishi mlangoni. Mwambieni wazi kazi itakayomngoja ndani, mwende kwake ninyi wenyewe, na akiuliza swali jipya msimjibu kwa neno la jana. Tena msihesabu majina yaliyo katika daftari. Wahesabuni wale waliorudi siku ya pili.