Mashine ya sauti moja: kutoka New York hadi Kampala, na kopo la fundi wetu wa Baraka

BARAKA, Fizi – Leo tuache kidogo habari za barabara na bei ya ndagala. Kuna swali lililoletwa na mama mmoja, mwalimu wa kwaya. Kinanda cha kwaya yao kilinyeshewa na mvua siku walipokimbia kutoka milimani. Fundi wa redio pale sokoni amekifungua mara tatu, hakikupona. Mama akaniuliza: "Ndugu mwandishi, ndani ya kitu hiki kuna nini, hata fundi anayeponya redio zetu zote ashindwe?"

Nilimwendea fundi. Alinionyesha kipande kimoja cheusi chenye miguu mingi kama tandu. Humo, akasema, ndimo sauti zote zilimokuwa: filimbi, gitaa, ngoma. Kinanda cha siku hizi ni kompyuta ndogo, na kipande hicho kikiungua, hakuna cha kulehemu. Lakini babu wa kinanda hicho hakuwa hivyo. Babu yake, fundi wetu angemwelewa kila kiungo, na historia yake ndiyo nataka kuwapa leo.

Babu huyo anaitwa sintetiza, na ile iliyopendwa kwanza ilikuwa ya analogi na ya sauti moja. Analogi maana yake sauti haikuandikwa popote. Ni umeme wenyewe unaopanda na kushuka ndani ya nyaya, kama wimbi la ziwa, mpaka ufike kwenye kipaza. Sauti moja maana yake ubonyeze vidole vitatu, utasikia noti moja tu.

Mwaka 1964, huko jimbo la New York, Marekani, fundi aliyeitwa Robert Moog alitengeneza mashine ya namna hiyo akishirikiana na mwanamuziki Herbert Deutsch. Ilikuwa makabati yaliyounganishwa kwa nyaya zinazochomekwa kwa mkono, kama meza ya simu ya posta ya zamani. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa sahani ya muziki wa Bach iliyopigwa kwa mashine hiyo. Kwa kuwa ilitoa noti moja kwa wakati, alilazimika kurekodi kila mstari peke yake na kuupanga juu ya mwingine, kama mwalimu anayefundisha besi leo na soprano kesho. Kisha mwaka 1970 ikaja Minimoog, ndogo ya kubebwa na mtu mmoja, yenye vibonyezo 44. Bei yake ilikuwa karibu dola 1,500 za wakati ule, si pesa ya kwaya.

Kwa nini sauti moja? Kwa sababu kibonyezo chenyewe hakilii. Kinatuma kiasi fulani cha umeme, na volti moja ikiongezeka, sauti inapanda oktava moja. Ukitaka noti tatu kwa pamoja, unahitaji njia tatu za umeme, yaani karibu mashine tatu. Na joto likibadilika, sauti inahama. Wapigaji wa zamani walikuwa wakirekebisha noti katikati ya onyesho. Sijui kando ya ziwa letu mwezi wa tisa wangefanya nini.

Lakini umaskini huo wa sauti moja ulificha utajiri, na hapa naomba mvumilie, kwa sababu ndipo penye utamu. Sauti huanzia kwenye osileta, sehemu inayotikisa umeme. Kuna mtikisiko wenye umbo la meno ya msumeno: huo unalia kwa ukali, kama pembe. Kuna wa mraba, wenye uwazi ndani kama filimbi ya tete. Kuna wa pembetatu, mpole. Kuna pia kelele tupu, ile ya redio isiyokamata kituo, na hiyo ukiichuja vizuri inakuwa upepo, au mawimbi yakifika mchangani. Minimoog ilikuwa na osileta tatu. Ukiweka mbili kwenye noti moja, kisha ukahamisha moja kidogo sana, sauti inanenepa, kama mama wawili wanaoimba mstari mmoja bila kulingana kabisa. Kila mwimbaji wa kwaya anaijua nguvu hiyo.

Sauti hiyo inapita kwenye chujio. Chujio linaacha sauti nzito zipite na kukata zile kali. Ukizungusha kinobu chake polepole, sauti inafunguka kama mdomo unaotoka "u" kwenda "a". Mwisho kuna mlango, unaoamua sauti izaliwe na kufa vipi. Mlango ukifunguka ghafla na kufunga ghafla, mtikisiko uleule unakuwa ngoma. Ukifunguka taratibu, unakuwa zeze. Na kuna kinobu cha kutelezesha, kinachoipeleka noti moja hadi nyingine bila kuruka, kama sauti ya mtu anayelia msibani. Hakuna namba ya kuchagua, na ukisahau kuandika ulipoweka vinobu vyako, sauti ya jana hairudi.

Sasa, msidhani elimu ya chujio ilitoka New York. Warundi, pamoja na walio hapa kwetu Fizi katika kambi ya Lusenda, wanaujua umuduri: upinde wa waya mmoja wenye kibuyu. Mpigaji anakisogeza kibuyu kifuani na kukiondoa, na sauti inafunga na kufunguka. Likembe nayo ina tundu ambalo mpigaji huliziba na kulizibua kwa kidole, na vipete vya chuma kwenye ulimi wake ili iungurume. Wale wanaosema mngurumo huo ni kasoro hawakuelewa. Mwenye likembe aliutia kwa makusudi.

Likembe ilikuwa pia chombo cha msafiri. Ilitoka Kongo ya chini, ikapanda na wapagazi na wafanyakazi wa nyakati za ukoloni, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa imefika hadi Uganda. Aliyelazimika kuacha ngoma nyumbani aliweza kubeba likembe ndani ya mfuko. Familia zilizowahi kufunga mizigo usiku hazihitaji maelezo zaidi hapo.

Kinshasa ndiko likembe ilikokutana na umeme kwa namna ambayo dunia ilikuja kuisikia. Mawangu Mingiedi, Mzombo kutoka upande wa mpaka wa Angola, alitaka likembe yake isikike juu ya kelele za jiji. Hakungojea duka. Alitengeneza mikro kwa kutumia sumaku za vyuma vya magari ya zamani, akaunganisha likembe tatu, na kundi lake, Konono N°1, likapiga kwa vipaza sauti vikuukuu. Vilikwaruza, na mkwaruzo huo ukawa sehemu ya muziki. Mwaka 2004 kampuni ya Ubelgiji ilitoa albamu yao Congotronics, na wapenzi wa sintetiza Ulaya wakashangaa kusikia kutoka Kinshasa sauti walizokuwa wakizitafuta kwa mashine za maelfu ya dola. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Wakati huohuo mashine za analogi zilikuwa zimeshasukumwa pembeni. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7, iliyofanya kazi kwa hesabu za kompyuta: noti 16 kwa pamoja na sauti 32 zilizokwisha kutayarishwa. Watu wakauza analogi zao kwa bei ya kutupa. Ukoo huo wa sauti zilizotayarishwa ndio uliotufikia sisi makanisani. Sivilaumu vinanda hivyo. Vimeimbisha kwaya zetu hapa Baraka, na vimeimbisha ndugu zetu kule Nyarugusu, Tanzania, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996. Ila nikiwa harusini najua mdundo utakaofuata kabla mpigaji hajabonyeza namba yake, na najua kwamba aliyeutengeneza hajawahi kusikia ngoma ya Ubwari.

Ndiyo maana habari ya Kampala ilinigusa. Huko yuko Brian Bamanya, anayejiita Afrorack. Alitamani sintetiza ya analogi ya makabati, kama ile ya mwaka 1964, akakuta bei yake haigusiki. Basi akachukua michoro iliyotolewa bure kwenye intaneti, akatafuta vipande katika maduka ya vifaa vya umeme mjini, akajenga yake mwenyewe, nyaya zikining'inia mbele kama mizizi. Albamu yake ilitoka mwaka 2022, na midundo ya Uganda imo ndani yake. Nchi ileile iliyopokea likembe kutoka kwetu sasa inatuonyesha mashine.

Nilimsomea fundi wetu habari hiyo kwenye simu. Hakusema kitu. Baada ya siku nne akaniita. Alikuwa amepata kipande kidogo cha miguu 14, kinachoitwa 40106, ambacho ndani yake kuna milango sita. Ukiupa mlango mmoja kondensa moja na kinobu cha volumu cha redio iliyokufa, unaanza kulia. Milango sita, osileta sita. Betri ya volti 9 inatosha. (Vijana, msijaribu kwa umeme wa jenereta.) Alikuwa ametia vyote ndani ya kopo la maziwa ya unga, na waya mmoja ukienda kwenye kipaza cha redio nzima.

Mama mwalimu wa kwaya aliletwa. Akazungusha kinobu, kopo likanguruma chini kabisa, kisha likapanda likilia kama mbu. Alicheka mpaka akakaa. Halafu akanyamaza, akaanza kuimba taratibu huku akizungusha, mpaka kopo likakutana na sauti yake. Akaomba kalamu, akachora mstari mahali hapo.

Jumapili kwaya ilichukua noti yake ya kwanza kutoka kwenye kopo hilo. Juma lililofuata alirudi sokoni na malalamiko: noti imeshuka. Fundi akapima betri. Ilikuwa imeanza kuisha, na mama alikuwa ameisikia kabla ya kipimo.