Mahali Maji Yanapokataa: Miji ya Mto Lualaba

Mtu akifungua ramani ya Kongo upande wa mashariki ataona miji midogo iliyopangwa kando ya mto Lualaba: Bukama, Kongolo, Kindu, Ubundu. Nani aliyeichagulia mahali pake? Wengi watajibu: Wabelgiji. Sisi twasema, mto wenyewe ulitangulia.

Toka Bukama mpaka Kongolo maji ni mapole. Mashua yaweza kwenda kilometa 645. Chini ya Kongolo milima inaubana mto katika mlango wa mawe ambao Wazungu waliuita Milango ya Jehanamu. Hapo mashua haipiti. Kutoka Kindu mto unatulia tena mpaka Ubundu, kisha maporomoko yanaufunga mpaka Kisangani. Basi, mahali maji yanapokataa, mzigo unashushwa. Penye mzigo pana wapagazi. Penye wapagazi pana chakula cha kuuza, na soko, na mji.

Wajenzi wa reli walitii amri hiyohiyo. Njia ya Kisangani na Ubundu, kilometa 125, ilimalizika mwaka 1906. Ile ya Kindu na Kongolo, kilometa 355, mwaka 1911. Reli haikushindana na mto: iliuzunguka pale tu ulipokataa.

Tutazame sasa Nyangwe, ng'ambo ya mashariki. Zamani za misafara ya pembe na watumwa, soko lake lilijulikana mbali. Livingstone alikaa huko mwaka 1871, na tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga bunduki wanawake sokoni. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru la Kongo yaliuteka mji. Halafu reli ikapita ng'ambo ya magharibi, na Nyangwe ikabaki kijiji. Udongo haukubadilika, wala mto. Njia ndiyo iliyobadilika.

Maisha ya namna hii huwapa watu tabia yao. Kindu hakuna kabila moja peke yake: kuna mabaharia, mafundi wa reli, wavuvi na wachuuzi, nao husikilizana kwa Kiswahili. Mgeni hawashangazi. Lakini moyo wao huzoea kungojea firimbi. Treni ikikawia, chumvi inapanda bei, na mpunga wa Maniema unalala ghalani bila mnunuzi.

Tena mlango haumchagui anayeingia. Atakaye kushika inchi huanza kwa kushika kivuko na kituo cha reli, naye mara nyingi huja na bunduki. Mwezi wa Novemba 1961 wanahewa 13 Waitalia, watumishi wa Umoja wa Mataifa, waliuawa Kindu. Tarehe 1 Januari 1962 mapadri na ndugu 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa Kongolo mikononi mwa askari. Miji hiyo yote miwili ni milango.

Je, tuseme basi kwamba mawe ya mto yameandika mambo yote ya watu? Hapana. Mawe yamewaonyesha mahali pa kusimama. Kazi ya kufanya hapo ni shauri lao. Jamaa yenye shamba nyuma ya kituo haifi njaa treni isipofika; jamaa isiyo na kitu ila mshahara wa gatini hufadhaika siku ya kwanza. Kwa hiyo sisi tunaotumwa katika miji hii, kabla ya kuwalaumu watu kwa kutangatanga, tuulize kwanza: mzigo unashukia wapi hapa, na nani analima?