Kosa 404 ambalo si 404: kalenda, ruhusa na siri za wagonjwa

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, kazi zilinizidi. Leo nina kisa cha hapa Free Area, Nakuru, ambacho kitatupeleka nyuma kidogo katika historia ya tarakilishi, kwa sababu kosa lililoninyima usingizi lina asili yake.

Mtaani kwetu kuna kliniki ndogo ya tiba ya viungo. Daktari mwenyewe alikuwa akiandika miadi kwenye kalenda ya Google: jina la mgonjwa, namba ya simu, saa, na maneno mawili matatu kuhusu maumivu yake. Akaniomba programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe mfupi jioni ya kuamkia miadi. Kazi ya siku mbili, nikamwambia. (Wenzangu mnajua siku mbili za mwandishi wa programu huwa ngapi.)

Nikafungua akaunti ya huduma, yaani akaunti isiyo ya mtu bali ya programu yenyewe, nikaandika mistari yangu ya Python, nikaiita kalenda. Jibu likaja: 404, haikupatikana. Haikupatikana vipi na ninaiona kwenye kivinjari? Nikanakili kitambulisho cha kalenda mara sita. Nikatafuta nafasi tupu iliyojificha mwishoni. Ilipofika saa tano usiku nikafanya jambo la aibu. Daktari alikuwa amenipa neno lake la siri (hilo nalo kosa, tulifanya wawili), basi nikaingia kwenye mipangilio nikaiweka kalenda wazi kwa umma. Programu ikafanya kazi papo hapo! Nikashangilia peke yangu.

Kabla ya kulala nikajaribu kiungo cha kalenda kwenye kivinjari ambacho sikuwa nimeingia akaunti yoyote. Yote yale yalikuwa pale: majina, namba za simu, nani ana mgongo, nani alianguka na bodaboda, nani anatibiwa baada ya kujifungua. Watu ninaokutana nao stejini kila asubuhi. Nikaifunga mbio. Ilikuwa imekaa wazi kama dakika arobaini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuliamini neno "haikupatikana" kama lilivyoandikwa. Tazama historia yake. Mei 1996 ulitoka waraka RFC 1945, uliofafanua HTTP/1.0, lugha ambayo vivinjari na seva huzungumza. Humo 403 ni "umekatazwa" na 404 ni "haikupatikana", na kuna kibali kimoja cha ajabu: seva isiyotaka kukwambia kwamba kitu hakipo inaweza kujibu 403. Juni 1999 ukaja RFC 2616 na kibali hicho kikapinduliwa. Sasa seva isiyotaka kueleza kwa nini inakukataa iliweza kujibu 404. Waraka wa sasa, RFC 9110 wa Juni 2022, umebaki upande huo huo: ukitaka kuficha kwamba kitu kipo, sema hakipatikani.

Kwa nini wapindue? Fikiria mlinzi wa getini. Ukiuliza kuhusu mtu fulani naye akakujibu, "Hataki kukuona," umeshajua kwamba yumo ndani. Kitambulisho cha kalenda kuu ya mtu huwa ni anwani yake ya barua pepe, kwa hiyo hata jibu la "umekatazwa" lingekuwa limemthibitishia mgeni jambo. Kwangu hii ni busara, ingawa iliniibia usiku mzima. Gharama yake anailipa anayetafuta hitilafu, si mwenye siri, na hivyo ndivyo inavyostahili.

Basi ukipata 404 kwa kalenda unayojua ipo, soma hivi: "akaunti hii haijulikani hapa." Dawa ni kuishiriki kalenda na anwani ya barua pepe ya akaunti ya huduma, kama unavyoishiriki na mtu. Usishangae pia kalenda hiyo isipoonekana kwenye orodha ya kalenda za akaunti hiyo. Orodha hiyo huonyesha zilizoongezwa tu, kwa hiyo iongeze kwa ombi la API, au iite moja kwa moja kwa kitambulisho chake.

Orodha ya majina pamoja na kiwango cha kila mmoja ni wazo kongwe kuliko wengi wetu. Mfumo wa Multics, mradi ulioanza miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa MIT, Bell Labs na General Electric, ulikuwa na orodha za namna hiyo kwa kila faili. Bell Labs ilipojitoa mwaka 1969, watu wake wakatengeneza Unix, wakapunguza mambo hadi makundi matatu: mwenye faili, kikundi chake, na wengine wote. Kalenda imerudi kwa Multics: "freeBusyReader" huona tu kama una nafasi, "reader" husoma maelezo, "writer" huandika, "owner" hugawa ruhusa.

Nilipotaka programu iweke alama ya "ujumbe umetumwa" nikapata 403, na hapa nilifurahi, maana angalau nilikuwa nimetambuliwa! Kulikuwa na makufuli mawili. Tokeni yangu ya OAuth ilikuwa imeombwa kwa kusoma tu, na kwenye kalenda nilikuwa "reader". Ukifungua moja, la pili bado linakukataa. Wazee wa huku Bonde la Ufa waliujua mpango wa aina hii chini ya mkoloni. Kipande, kilicholetwa na sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilisema wewe ni nani kwa alama za vidole, lakini bila sahihi ya mwajiri kwamba amekuachilia, usingeajiriwa kwingine. Sifananishi dhuluma ile na programu yangu, ni muundo tu: kujulikana ni jambo moja, kuruhusiwa ni lingine.

Asubuhi nilikwenda kliniki kabla haijafunguliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa data nyeti. Data zikivuja, mimi niliyeshika data kwa niaba yake nina saa 48 za kumwarifu, naye, pakiwa na hatari ya kweli kwa wahusika, ana saa 72 za kumwarifu Kamishna. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kijana wangu, ni nani aliyeona?" Sikuwa na jibu.

Tuliandika taarifa pamoja, akabadilisha neno la siri, na tangu siku hiyo kalenda ina herufi za kwanza za majina tu, mengine yako kwenye faili lake. Wagonjwa aliwapigia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, nami nimekaa pale kwenye benchi nikisikia.