Sabuni: kutoka ngazi za Lusanga mpaka sufuria ya nyumbani

Familia ikikimbia vita, inabeba watoto, godoro na sufuria. Sabuni inaachwa, ama inaisha siku za kwanza. Na katika Kivu, ambako kipindupindu hakikomi, kukosa sabuni ni hatari. Je, mtu anaweza kujitengenezea? Ndiyo. Lakini kwanza, historia.

Mwaka 1911, Mwingereza William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alipatana na serikali ya Ubelgiji. Alipewa maeneo 5 ya kuvuna ngazi katika Kongo, kila moja likienea kilometa 60 kuzunguka kituo chake. Kampuni iliitwa Huileries du Congo Belge. Kituo kimoja kikubwa kilikuwa Leverville, katika Kwilu, magharibi ya nchi. Leo ni Lusanga.

Wanaume walipanda michikichi na kukata ngazi. Wanawake na watoto walisaidia kubeba. Wengi walilazimishwa, kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa franka na kazi iliyokuwepo ilikuwa ya kampuni. Mafuta ya mawese yalivuka bahari kwenda kuwa sabuni Ulaya.

Mgogoro wa uchumi wa dunia ulipofika, bei ya ngazi ilianguka lakini kodi iliendelea kudaiwa. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi. Jeshi la kikoloni liliua mamia yao.

Hivyo watu wa Kwilu walitoa mafuta, lakini kiwanda na faida vilikuwa mikononi mwa wengine. Ufundi wenyewe si siri: mafuta yakichanganywa na soda kostiki yanageuka kuwa sabuni. Shida ni kwamba soda hiyo inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Haifai kushikwa ndani ya hema lenye watoto.

Kwa anayeanza, njia salama zaidi ni kuyeyusha na kumimina. Unatumia sabuni iliyokwisha kutengenezwa, ambamo soda imemaliza kazi yake. Kusanya vipande vidogo vya sabuni ya kuogea vinavyobaki, uvikwaruze. Viweke ndani ya chombo, na chombo hicho ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiweke moja kwa moja juu ya moto. Ongeza maji kidogo sana, koroga polepole mpaka vilainike na kushikana, kisha mimina ndani ya kopo safi. Watoto wakae mbali, maana uji huo unaunguza. Ikishaganda, itoe, uiache mahali penye hewa kwa wiki chache ili ikauke vizuri.

Anayepata mjini sabuni maalumu ya kuyeyusha haongezi maji, na yake inaganda kwa saa chache tu.

Vipande vilivyokuwa vinatupwa vinakuwa mche mmoja. Mche huo unatosha kunawisha mikono ya nyumba nzima kabla ya kula na baada ya choo, kwa siku nyingi.